Ramadhani, siku ya 17: Fungu la maskini kwenye jemu



Leo twende Geyve, mkoa wa Sakarya, Uturuki. Kule wanalima safarjal, tunda la njano, umbo lake kati ya tufaha na peasi. Ukiling'ata bichi utajuta, gumu na linakausha mdomo. Lakini likipikwa taratibu na sukari linageuka jekundu, na wenyewe hutia na mbegu zake ili jemu ishike vizuri.

Waturuki wengi ni Hanafi, na Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu) anaona matunda yote yana zaka: shamba la mvua moja ya kumi, la kumwagilia kwa gharama nusu ya hiyo. Sisi wa Shafi tunaishia kwenye nafaka za chakula, tende na zabibu, lakini msikimbie, swali linatuhusu.

Chukua familia iliyovuna vikapu 100. Vikapu 80 vizuri vinaenda sokoni. Vile 20 matunda yamepondeka, vinabaki nyumbani kwa jemu. Baba anasema: kumi vya maskini vitoke kwenye hivi 20. Kwani kuna ubaya gani? Si na sisi ndiyo tunakula? Ukikata palipooza, jemu haijui.

Hoja ina nguvu, sikatai. Al-Baqara aya ya 267 inakataza kukusudia kibaya ndicho ukitoe, hali wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho. Na baba hafumbi macho, anakila kila mwaka. Ila anakila akiwa na sukari kabatini, gesi, na mtu wa kusimama jikoni muda wote huo. Maskini anapelekewa tunda asiloweza kulila mpaka akanunue sukari. Kwa hiyo kabla baba hajasema "hata mimi ningepokea", aondoe kwanza ile sukari na ile gesi, ndipo ajibu.

Juzi nilipeleka kwenye kapu la futari hapa msikitini maharage yaliyokaa kwangu tangu Maulidi ya mwaka juzi. Nikajiambia, aah, yanaiva tu. Na kweli yanaiva, ukiyaloweka usiku kucha halafu uwe na moto wa kutosha. Kuyarudisha siwezi, nimeshayatoa. Leo kabla ya magharibi napeleka gunia la mkaa liende nayo.