Kilo ya Ngamia

Kwenye hoteli za nyama choma mjini Isiolo, kaskazini mwa Kenya, huagizi ukiwa umekaa. Unaanzia buchani, pale mlangoni, unaonyesha: mbavu hizi, na uniongezee nundu. Muuzaji anakata, anatupia kwenye mizani, mshale unayumba kisha unatulia. Nundu haikosi kuombwa, kwa kuwa nyama ya ngamia ina mafuta machache na makaa huikausha upesi. Mafuta ya nundu yakiyeyuka juu yake, inalainika. Huletwa imekatwakatwa juu ya ubao, na chumvi pembeni.

Ninachokitafakari ni ile mizani. Kwa wafugaji wa huku, wawe Waborana, Wasomali au Waturkana, ngamia si mnyama wa kuchinjwa ovyo kwa sababu mtu ameona njaa. Huchinjwa kwa ajili ya mtu: mgeni, harusi, msiba. Nyama hugawanywa kwa kutazama nani ni nani, na kila anayekula anajua amekumbukwa na nani. Mizani haimjui mtu.

Hata hivyo siwezi kuilaumu. Isiolo ni mji wa waliofika kutoka kwingine. Maaskari Wasomali waliotumikia Uingereza walilowea hapa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wameru wakateremka kutoka vilimani, na mara ngapi damu imemwagika kati ya jamii hizi kwa sababu ya malisho na maji! Dereva wa lori linalokwenda Moyale hana ukoo wa kumkatia fungu, ila kilo yake ni kilo. Kuna pia wanawake wanaokusanya maziwa ya ngamia kutoka Kulamawe na kuyapakia basini hadi Eastleigh, Nairobi. Mwanamke wa kazi hiyo leo ananunua nundu kwa pesa yake, anakula na wenzake, wala hangoji mzee aamue anastahili kipande gani. Hilo mgao wa kimila haukumpa.

Tatizo ni siku pesa inapokosekana. Wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, 1963 hadi 1967, Waborana wa Garba Tula na Merti walizuiliwa kambini na mifugo yao ikateketea. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mizoga ikatapakaa. Aliyefilisika hivyo hainuliwi na mizani yoyote. Waborana wana busa gonofa: ukoo unakaa, unamchangia mwenzao mifugo ya kuanzia upya. Huwezi kuchangiwa na watu wasiokujua.

Nafarijika kuona kwamba hotelini kwenyewe watu hawali kama walivyopimiwa. Nyama ikishafika, kijana husogeza nundu upande wa mzee bila kuambiwa, na anayepita karibu na meza hukaribishwa, hata akiwa hajulikani. Kisha wanaume wazima wanashikana mikono kaunta, kila mmoja akimzuia mwenzake asilipe.