Neno la Mungu Litafute Mahali pa Kutia Mizizi



Mkulima wa pande za Goma aijua vema ardhi yake. Mahali moto wa Nyiragongo ulipopita mwaka 2002 na mwaka 2021, pana mawe meusi. Mbegu ikianguka juu yake hukauka. Mahali moto ulipopita zamani za kale, mawe yamekwisha kuwa udongo, na maharagwe yasitawi. Bwana wetu Yesu Kristu alipotoa mfano wa mpanzi, alieleza kwamba mbegu ni Neno la Mungu. Mbegu ni moja. Mioyo ndiyo inayotofautiana. Basi kila mkatekumeni na ajiulize: Injili isomwapo siku ya Dominika, yaanguka mahali gani?

Wako watu wanaojibu maswali yote ya katekisimu, na bado Maandiko Matakatifu ni mgeni nyumbani mwao. Kujua habari za mtu si kumjua mtu mwenyewe. Mtakatifu Yeronimo, aliyefasiri Biblia kwa Kilatini, alifundisha kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko mara kwa mara, tena pamoja na sala, ili Mungu na mwanadamu wazungumze.

Mtu atasema: Maneno mengine ni magumu. Ndivyo. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume alikuwa mtunza hazina ya malkia, naye alisoma kitabu cha nabii Isaya njiani asikifahamu. Hakuona haya kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda garini, akamweleza habari za Yesu. Na walipofika penye maji, akabatizwa. Hiyo ndiyo njia ya mkatekumeni: kusoma, kuuliza, kuongozwa na Kanisa, kubatizwa.

Na baada ya Ubatizo? Hapo Neno lapimwa. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mmoja wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na rafiki wa watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Mwaka 2007 vililetwa vyakula vilivyoharibika, naye akapewa rushwa ili avipitishe. Akakataa. Alimweleza mtawa mmoja kwamba fedha zingekwisha upesi. Lakini wale ambao wangekula vyakula hivyo, wangekuwaje? Akajiuliza kama aishi kwa ajili ya Kristu au sivyo. Neno ambalo Mtume Paulo aliwaandikia Warumi zamani lilikuwa limegeuka swali la kijana kazini pake. Mwezi wa Julai alitekwa, akateswa, akauawa, mwenye umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Fahamuni jambo hili. Saa ya majaribu haimpi mtu nafasi ya kwenda kufungua kitabu. Lile lililokwisha kutia mizizi moyoni ndilo linalojibu.

Basi mkatekumeni afanye hivi. Kwanza, amwombe Roho Mtakatifu kabla ya kusoma. Pili, asome Injili ya Dominika mapema, kidogo kidogo, bila haraka. Asiyejua herufi amwambie mtoto amsomee, naye asikilize. Bikira Maria naye aliyaweka mambo ya Mwanawe moyoni akiyatafakari. Tatu, ajiulize: Bwana ataka nini leo juu ya deni lile, juu ya jirani yule, juu ya kipimo kile cha sokoni? Nne, neno asilolifahamu alipeleke kwa katekista au kwa wenzake wa jumuiya, asilifasiri kwa kiburi chake.

Hata jiwe la volkano hugeuka udongo, lakini si kwa siku moja. Mvua huligusa mara nyingi. Kadhalika moyo: Neno liurudie kila siku, nao utalainika.

Ya kufikiri nyumbani:
1. Mwethiopia alimwomba Filipo nini?
2. Floribert aliwafikiria akina nani alipokataa rushwa?
3. Ni neno gani la Injili ya Dominika iliyopita lililobaki moyoni mwako?