Je, Asiyesikia Ana Kosa?

Tangu mwaka 2008, Rwanda ilipoamua kufundishia kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa, swali hili limezidi uzito: je, ni haki kumwita mvivu mwanafunzi asiyeelewa asikiacho? Sisi twaona si haki. Kinyarwanda hakitofautishi maneno kwa sauti za l na r; kwa hiyo "rice" na "lice", yaani wali na chawa, huweza kumfikia mtoto kama neno moja. Sikio lake si bovu, halijazoezwa. Wapo wasemao kwamba adhabu huamsha sikio. La! Adhabu humfunga kinywa. Maadamu twampima kwa kusikiliza, yatupasa kwanza kumfundisha kusikiliza: tusome taratibu, turudie, tena tumwulize amesikia nini kabla ya kumsahihisha.