Haki ya Jirani na Mapambo ya Mgeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya: ajue mwenye kusoma kwamba mtu wa pwani aendaye Bukoba au Muleba kwa biashara au kwa kazi hukuta nchi ambayo Waislamu na Manasara wamechanganyika nyumba kwa nyumba, na mara nyingi katika ukoo mmoja. Wafanya biashara wa pwani na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, katika Karagwe, kabla Speke hajafika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Na mwaka 1960 mtu wa nchi ya Wahaya, Laurean Rugambwa, akawa Kardinali. Kwa hiyo Krismasi huko si idi ya wageni peke yao. Ni idi ya wenyeji, nayo ina ada yake.

Ada yenyewe ni hii. Disemba ikikaribia kwisha, Wahaya waliotawanyika Mwanza na Dar es Salaam hurejea makwao. Huwazuru wazee, huyaangalia makaburi yaliyomo kibanjani kati ya migomba, huenda kanisani, na hula pamoja. Pambo, likiwapo, ni maua na majani mlangoni. Furaha yao hutazamwa kwa watu waliorudi, haitazamwi kwa ukuta wa nyumba.

Sasa ichukuliwe mas-ala. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani amepanga nyumba katika mtaa mtulivu wa nchi hiyo, mtaa wa watu wenye stara wasiopenda kujionyesha. Disemba ikaingia, naye akaizungushia nyumba taa za rangi maelfu tangu paa hata ua, akasimamisha masanamu yenye kuwaka, na nyimbo zikapigwa kwa vipaza sauti hata usiku wa manane. Majirani, Waislamu na Manasara, wakanung'unika. Je, amewadhulumu, au ametumia haki yake?

Mwepesi wa kuhukumu atajibu: amekosa, kwa sababu idi hiyo si ya Waislamu. Jibu hili ni batili. Muislamu haingii katika ibada ya dini nyingine, wala hakuamrishwa kumzuilia mwenyewe ndani ya nyumba yake. Kurani, katika Sura ya Hajj, imeyataja makanisa pamoja na misikiti kuwa ni mahali ambapo Mwenyezi Mungu huzuia pasibomolewe. Tena taa zile si nguzo ya Unasara. Mti wa Krismasi wenye taa za umeme ulionekana kwanza New York mwaka 1882, ukiwa na taa 80, nyumbani kwa Edward Johnson aliyekuwa akifanya kazi na Edison. Miaka 8 baadaye Emin Pasha akaanzisha boma la Wajerumani Bukoba. Basi hili ni desturi ya nchi moja iliyohamishiwa nchi nyingine, na hukumu yake hutafutwa katika mlango wa ujirani, haitafutwi katika mlango wa itikadi.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, kama alivyobainisha Imam Nawawi katika Minhaj, mtu ana ruhusa ya kuitumia milki yake kwa namna iliyozoeleka, ijapokuwa jirani ataona uzito. Lakini akiuvuka mpaka wa ada na madhara yakatokea, dhamana ni juu yake. Hapo ndipo penye swali: ada ya nani? Mgeni atasema kwamba kwao kila nyumba hufanya vivi hivi. Huenda ni kweli, lakini ada inayopimiwa ni ya mahali nyumba iliposimama, kwa kuwa anayekosa usingizi yuko Bukoba, hayuko New York. Na katika hayo makelele ni mazito kuliko taa. Jicho lina kope, sikio halina. Na mgonjwa wa nyumba ya pili hawezi kuyakimbia.

Lakini yako makosa yasiyofika kwa kadhi. Imam Ghazali, katika haki za jirani, ametaja hadithi ambayo wanavyuoni wameidhoofisha isnadi yake, lakini maana yake ni njema: anunuaye matunda ampe jirani, na asipompa ayaingize kwa siri, wala mwanawe asitoke nayo nje akamtia uchungu mtoto wa jirani. Tunda ni halali na fedha ni yake. Linalokatazwa ni kumwonyesha asiyenacho. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kuharibu maelfu ya nyumba. Miezi mitatu baadaye ikaja Krismasi. Mwenye kuwasha taa maelfu juu ya paa zima mbele ya aliyekosa paa, hata asipovunja sheria, amevunja moyo.

Wala nuru yenyewe haina lawama. Katika miezi hiyo hiyo watu wa Bukoba huwasha taa kali usiku ili kuwavuta senene, na hapana anayechukia, maana kila mtu aliye karibu hupata fungu lake. Taa inayomleta jirani na chombo chake mkononi si sawa na taa inayomtaka asimame mbali atazame.

Na haki ina pande mbili. Mgeni hajui ada asiyofundishwa. Majirani wakimsengenya kila jioni bila mmoja kumwendea kwa salamu na kumweleza kwa upole, wao ndio waliotangulia kuvunja ujirani. Abdallah bin Amr alipochinja mbuzi aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa. Basi neno jema ni rahisi kutoa kuliko nyama. Wengine husema wanachukia ufujaji, na kumbe wanachukia kwamba si wao.

Na Muislamu wa pwani ajipime kwa mizani hiyo hiyo. Akifunga mtaa kwa harusi, au akipeleka sauti ya Maulidi masikioni mwa wasiolala mpaka alfajiri, hawezi kusema kuwa hiyo ni dini, ilhali ya mwenziwe ameiita adha. Adha haina dini. Aliye mgeni Muleba akumbuke kuwa yeye naye anatazamwa.

Wallahu a'lam.