Jina Moja Zaidi Kwenye Kadi

Neno la kutafakari: Kutoka 1:15–21, Mithali 6:30–31, Waefeso 4:25

 

Nawaandikia kutoka Bujumbura, mji ambao wengi wenu mliupitia mkiwa na mafurushi kichwani. Wengine mlivuka mto Rusizi kutoka Uvira, wengine mlitoka Fizi kwa njia ya ziwa, wengine ni wana wa nchi hii hii mliorudi kutoka Tanzania mkakuta shamba la baba lina mwenye mwingine. Wako pia waliobaki hapa mjini, Buyenzi na Bwiza na Kinama, watu wengi katika chumba kimoja cha kupanga. Safari zetu ni mbalimbali, lakini swali ninaloletewa mara nyingi baada ya ibada ni lile lile. Si swali la Utatu, wala la siku za mwisho. Ni hili: "Mchungaji, nikisema ukweli wote kwenye meza ya kuandikisha, watoto wangu watakula nini?"

Swali hili nimelibeba kwa muda mrefu. Sipendi kulijibu haraka, maana anayelijibu haraka mara nyingi ni mtu aliyekwisha kula. Wazee walisema mwenye njaa hana miiko. Na Neno lenyewe, katika Mithali 6:30, linakiri kwamba watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa sababu ya njaa. Lakini mstari unaofuata unasema atalipa. Mungu anaijua njaa, wala haiiti njaa haki.

Tuweke mambo mawili mezani, ili tusizungumze hewani.

La kwanza. Kadi ya mgao ina watu saba. Kijana mkubwa amerudi ng'ambo kutafuta maisha, na hakuna ajuaye atarejea lini. Siku ya kuhakiki kadi imefika. Jirani anamnong'oneza mama: "Sema yuko hospitali. Ni unga wa mtu mmoja tu, nani ataumia?"

La pili. Mama mwingine alimwokota mtoto njiani siku ya kukimbia. Wazazi wa mtoto hawakuonekana. Sasa mtoto anamwita mama, analala kwenye mkeka mmoja na watoto wake. Mama anaogopa kwamba akisema huyu si wa tumbo langu, watamchukua. Anataka kumwandikisha kwa jina la mume wake, kana kwamba alizaliwa nyumbani kwao.

Mambo haya mawili yanafanana kwa nje, maana yote ni jina lisilo la kweli katika karatasi. Ndani hayafanani. Mama wa kwanza anatafuta chakula, wa pili anaogopa kupoteza mtoto. Je, Mkristo aamue vipi?

WAKUNGA WALIOMCHA MUNGU

Wako watakaoniambia, "Mchungaji, hata katika Biblia wako waliodanganya wakabarikiwa." Ni kweli. Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, waliamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume. Hawakuwaua. Walipoitwa kujieleza, walimwambia mfalme kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, huzaa kabla mkunga hajafika. Na Biblia inasema Mungu aliwatendea mema wakunga wale.

Lakini tazama vizuri, ndugu yangu. Wakunga wale walipata nini kwa maneno yale? Hawakupata unga, wala safari ya kwenda nchi ya mbali. Walijiweka hatarini. Kama Farao angegundua, vichwa vyao ndivyo vingeanguka. Neno lao lilimkinga mtoto asiye na sauti mbele ya mtu mwenye upanga, na gharama yake waliichukua wao wenyewe.

Hapa ndipo napata swali la kwanza la kujiuliza: Neno hili ninalotaka kusema, nani atalilipia? Kama nalilipa mimi ili mwingine aishi, nitasimama mbele za Mungu kwa kutetemeka lakini kwa tumaini. Kama nafaidi mimi na mwingine analipa, basi nisijifunike kwa nguo ya Shifra na Pua.

Nchi hii imeyaona mambo hayo kwa macho. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikawaka moto. Siku tatu baadaye, huko Ruyigi, watu walikuwa wamekimbilia uaskofuni. Marguerite Barankitse, ambaye wengi wanamwita Maggy, alikuwa akifanya kazi pale. Yeye ni Mtutsi, na waliokuja na silaha walikuwa watu wa kabila lake wakiwatafuta Wahutu. Alikataa kuwaonyesha walikojificha. Walimfunga, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Watoto 25 walinusurika, na kutoka kwao ikaanza nyumba ya kulea yatima iitwayo Maison Shalom. Mwaka 2015 mama huyo naye alikimbia nchi, akawa mkimbizi kama ninyi. Siku ile ya Ruyigi hakufaidi chochote kwa kunyamaza.

VIJANA WA BUTA

Kuna jambo jingine ambalo kila mzazi kambini anapaswa kuwasimulia watoto wake. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, upande wa Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa, Wahutu na Watutsi pamoja.

Nani angewalaumu kama wangejitenga? Kijana Mhutu angeweza kusema, "Sikumuua mtu, nimesema tu kabila langu, tena ni kweli." Kumbe hata maneno ya kweli yanaweza kutumika kumkabidhi jirani kwa muuaji! Kwa hiyo, wapendwa, haitoshi kuuliza, "Je, ninayosema ni kweli?" Yatupasa pia kuuliza, "Je, jirani yangu yuko wapi katika maneno yangu?" Waefeso 4:25 inaunganisha yote mawili: tuseme kweli kila mtu na jirani yake, kwa sababu sisi ni viungo, kila mmoja ni cha mwenzake.

Tena, vijana wale hawakuamua alfajiri ile. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari, na walezi wenzake walikuwa wamewafundisha miaka yote ya vita kula pamoja, kusali pamoja na kuzungumza waziwazi juu ya hofu zao. Saa ya jaribu ilipofika, jibu lilikuwa limekwisha kupikwa. Nasi ni hivyo hivyo. Anayesubiri mpaka afike kwenye meza ya karani ndipo aanze kufikiri, ataamua kwa tumbo.

Na tusidhani kwamba kuimba kwa sauti kubwa kunatuhakikishia dhamiri safi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, hapa Gatumba, karibu na mji wetu, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi yao. Walionusurika walisimulia kwamba washambuliaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Tujipime kwa yule aliye upande wa pili wa tendo letu: anapona au anaumia?

TURUDI KWENYE KADI

Sasa tuwarudie mama zetu wawili.

Kwa mama wa kwanza, tuulize: nani atalipa? Unga ule hautoki kwa Farao. Unatoka katika ghala moja ambalo mjane wa mstari wa mwisho analitazama pia. Mgao unapopungua, sehemu ya mtu asiyekuwepo imetolewa kwa mtu aliyepo. Hamwoni anayeumia, lakini yupo. Tena mtoto wa miaka sita amesimama pale, akisikia mama akisema kaka yuko hospitali, naye anajua kaka amevuka mto. Siku ile amefundishwa kitu ambacho shule ya Jumapili haitakifuta upesi.

Kwa mama wa pili, moyo wangu unamwelekea. Anachotaka ni upendo. Lakini asikie jambo hili. Mtoto akiandikwa kwa jina lake mwenyewe, kwamba ametengana na wazazi na analelewa na mama fulani, anaweza kutafutiwa ndugu zake. Kazi hiyo ya kutafuta watu waliopoteana vitani Msalaba Mwekundu unaifanya. Mama yake mzazi anaweza kuwa hai katika kambi nyingine, kila wiki akiuliza habari zake. Mtoto akibadilishwa jina, ule uzi umekatika. Uongo uliosemwa kwa upendo unaweza kumzuia mama mwingine asimpate mwanawe. Tena, kusema "si wa tumbo langu" hakumaanishi kunyang'anywa mtoto. Mlezi naye huandikwa, na kumwacha mtoto kwa mlezi mwema ni jambo la kawaida. Mama huyu aende na mzee wa kanisa, aeleze yote, aombe abaki naye.

Wako wanaofikiri pia juu ya safari ya ng'ambo, Marekani au Kanada, nao wanashauriwa waongeze "mwana" au "ndugu" katika faili. Nawakumbusha yaliyotokea. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA kwa wakimbizi waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao, ikianzia Nairobi na baadaye nchi nyingine za Afrika. Madai mengi ya undugu hayakuthibitika. Mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa mwaka ule ule, ukafunguliwa tena mwaka 2012. Fikiri: miaka minne! Walioumia ni pamoja na watu waliosema kweli tupu, waliokuwa wakimngoja mume au mtoto.

Lakini tuwe waadilifu. Si wote walioshindwa kipimo kile walikuwa waongo. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na yatima uliyemlea anakuita baba. Damu haikupimwa tulipompa uji. Ndiyo maana nasema: eleza kama ilivyo. Sema, "Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka miwili." Ukweli mrefu wenye maelezo ni bora kuliko uongo mfupi. Njia ya mwongo ni fupi.

USIAMUE PEKE YAKO

Warundi wana desturi ya bashingantahe, wazee wa haki. Shauri gumu hawaliamui kwa mtu mmoja gizani. Wanakaa pamoja, wanasikiliza pande zote, ndipo wanatoa neno. Tuige hekima hiyo. Kabla ya siku ya kuhakiki kadi, tafuta watu wawili wanaomcha Mungu, wasiopata faida katika jambo lako, uwaambie. Kama jambo lenyewe huwezi kulisema mbele yao, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Na ninyi wazee wa kanisa, mashemasi na mama wa sala, neno hili linawahusu kuliko wote. Hatuna haki ya kumwambia mama aliyeondoa jina la mwanawe, "Umefanya vema, nenda kwa amani," tukamwacha na sufuria tupu. Tukimtaka aseme kweli, tumsaidie kuibeba gharama yake. Kila nyumba ilete kikombe kimoja cha unga siku ya mgao. Nyumba thelathini ni vikombe thelathini, na mtu amekula. Kanisa la kwanza katika Matendo sura ya 4 halikuwa na mhitaji kwa sababu walishirikiana.

Kwa yule ambaye jina limekwisha kuandikwa: usikimbie ibada kwa aibu. Njoo, tusali, tukusindikize kurekebisha. Na kwa anayejua kosa la jirani yake: Mathayo 18:15 inasema uanze kwake, ninyi wawili peke yenu. Usianze kwa kiongozi wa mtaa, wala kisimani.

Najua wako watakaosema ukweli wiki hii na walale njaa. Siwaahidi kwamba Mungu atafungua ghala kesho yake asubuhi. Nawaambia tu kwamba Mungu aliyeandika majina ya Shifra na Pua, wala asitutajie jina la Farao yule, anajua majina yenu yote, yaliyo kwenye kadi na yasiyo kwenye kadi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:
1. Wakunga walilipa gharama ya neno lao wenyewe. Katika maamuzi yetu ya wiki hii, nani analipa?
2. Je, kundi letu linaweza kuanza kikombe cha unga? Nani atakitunza?

Tuombe: Bwana, utupe mkate wetu wa leo, na ulimi usiomwibia jirani. Uwakumbuke watoto waliopoteana na mama zao. Katika jina la Yesu. Amina.