Mbegu Ndani ya Maboksi

Nilirudi nyumbani na begi moja la nguo na maboksi manne ya vitabu. Basi lilitoka Dar es Salaam alfajiri, likapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, na baada ya Nyakanazi vilima vya Buha, kwetu Kigoma, vikaanza kutupokea kimoja baada ya kingine. Asubuhi ya siku ya pili nilishushwa kijijini kwetu, kati ya Kibondo na Kasulu. Vijana wa bodaboda walinyanyua maboksi wakaona ni mazito, wakadhani nimekuja kufungua duka. Mmoja akaniuliza nitauza nini. Sikumjibu.

Nilikuwa na miaka 52 na nilikuwa nimepunguzwa kazini. Kwa miaka 26 nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kazi yangu kuwinda herufi zilizokosewa katika vitabu vya watu wengine. Kwetu, mtu aliyekwenda mjini hutazamiwa arudi na mabati ya kuezekea nyumba ya mama yake. Mimi nilirudi na karatasi.

"Mwakeye," nilimwamkia mama. Akaitikia, akanishika mikono yote miwili, hakuuliza chochote. Alinipakulia ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, kisha akanionyesha chumba cha uani. Niliyapanga maboksi sakafuni nikafunga mlango kwa kufuli. Nilisema moyoni kwamba navilinda vitabu. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Ilipita miezi mitatu kabla sijakifungua chumba kile. Nilichukua kitabu kimoja kutoka boksi la chini. Jalada lilikuwa zima, hata jina la mwandishi lilisomeka vizuri, lakini kitabu kilikuwa chepesi mno mkononi. Nilipokifunua sikukuta kurasa. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu, laini, wenye vijia vyembamba vilivyopindapinda. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakala maneno yote, wakaniachia jalada. Vitabu 17 viliisha namna hiyo.

Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi. Alikuwa akichambua maharage ya mbegu. Kila msimu hutenga yale yaliyonona, huyachanganya na majivu na kuyaweka mbali na ya kula, na hata mwaka wa njaa hajapata kuyagusa. Mbegu hailiwi, ndivyo alivyotulea. Aliutazama ule udongo, akasema: "Mwanangu, si ungenipa mimi nikavisoma? Mbegu ukiikalia, wadudu hawakusubiri."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu katika miaka yote ya mjini nilikuwa nimesahau kwamba mama anajua kusoma.

Hakupelekwa shule utotoni. Mwaka 1972 ilipokuja Operesheni Kigoma, familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani zilihamishiwa katika vijiji vipya. Mama aliiacha migomba yake na makaburi ya wazee wake, akaanza upya mahali asipopachagua. Katika kijiji hicho kipya ndipo alipokutana na darasa la kisomo chenye manufaa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na chama cha TANU kikaweka lengo la kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka 1975. Kina mama walitoka shamba, wakaacha majembe ukutani, wakakaa chini ya mti na watoto mgongoni kujifunza a, e, i, o, u. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1975 walibaki 39. Mama yangu yumo miongoni mwa waliotoka katika hesabu hiyo. Uhamisho ulimnyang'anya mengi ambayo sitayaita madogo. Lakini herufi alizozipata wakati ule hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Nchi hii ya Buha inajua kuanza upya kuliko nilivyodhani. Enzi za mkoloni babu zetu walichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na waliorudi walianza tena na jembe moja. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, na mwaka 2015 wakaongezeka Warundi kwa makumi ya maelfu. Nilipata kuongea na mwalimu mmoja Mkongo aliyeniambia kwamba siku ya kukimbia aliacha godoro na sufuria, akabeba vyeti vyake na kitabu kimoja cha hesabu, amevifunga kwa nailoni. Kitabu kile kilifundishia darasa zima, yeye akisoma na watoto wakinakili. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kubeba visivyo na maana. Mwalimu yule alibeba kile ambacho kesho ya watoto ingekihitaji.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama, akashika jembe, na akaendelea kusoma na kuandika. Tenzi zake za Biblia zilitoka katika miaka hiyo. Hakuna aliyesema Butiama ni mahali pa walioshindwa. Basi kwa nini mimi niliuona mlango wa mama yangu kuwa ni mlango wa kushindwa?

Nilitengeneza rafu ya mbao, nikaining'iniza ukutani, mbali na sakafu. Nikanunua daftari. Kila Jumapili alasiri natoa benchi chini ya mwembe, na anayetaka kitabu anaandika jina lake. Wa kwanza kuazima alikuwa yule kijana wa bodaboda aliyeniuliza nitauza nini. Nilimpa Shida, riwaya ya Ndyanao Balisidya ya mwaka 1975, kuhusu vijana wanaokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha wakakutana na dhiki. Aliirudisha baada ya wiki mbili, kurasa zina alama za vidole vyenye grisi. Zamani alama zile zingenikera. Sasa naziona ni ushahidi kwamba mtu amefika ukurasa wa mwisho. Akaniuliza swali jingine: "Mzee, na wewe ulirudi kwa nini?" Safari hii nilimjibu, tukakaa hadi giza likaingia.

Mama naye huazima. Husoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti, na wajukuu wa jirani hukusanyika kumsikiliza huku wakimenya maharage.

Kuna kitabu kimoja hakijarudi tangu mvua za Oktoba. Nilimfuata aliyekiazima, akasema amempa shemeji yake, na shemeji amekipeleka kijiji cha pili, kwa mwalimu mmoja. Nilirudi nyumbani nimekunja uso, nikamwambia mama kwamba kimepotea.

Alikuwa akitoa maharage ya mbegu kwenye kapu, anakung'uta majivu. Hakuinua kichwa.

"Hakijapotea," alisema. "Kimeota huko."