Mbinu katika Utafiti Unaofanywa kwa Sanaa

Mtafiti wa sayansi ya jamii huandika mbinu zake kwenye pendekezo la utafiti kabla hajakanyaga uwandani. Msanii anayesomea shahada ya uzamivu kwa kazi ya mikono yake hukwama papo hapo, maana mara nyingi hata swali lenyewe hulijua akiwa katikati ya kazi. Mwanafalsafa R. G. Collingwood alilieleza jambo hilo mwaka 1938 katika The Principles of Art: fundi hujua anachokitengeneza kabla ya kukitengeneza, ilhali msanii hutambua alichokusudia kueleza katika kule kukieleza. Kant naye alikwisha kusema mwaka 1790 kwamba mwenye kipaji hawezi kuonyesha mawazo yake yalimjiaje. Basi mbinu iandikwe lini?

Nchini Uingereza swali hili liliingia hadi kwenye utawala wa vyuo. Mwaka 1992 vyuo vya ufundi, ambavyo vingi vilikuwa na idara za sanaa, vilipandishwa kuwa vyuo vikuu, na walimu wa uchoraji wakatarajiwa kuwa watafiti. Mwaka uliofuata Christopher Frayling wa Royal College of Art alitenganisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa na utafiti kwa ajili ya sanaa. Wa kwanza haugombaniwi. Mgumu ni wa mwisho, ambapo fikra hukaa ndani ya kazi yenyewe bila kutamkwa.

Mfano unaofaa zaidi wa mbinu ya msanii ni wa mtu ambaye hakuitafuta shahada ya uzamivu. Mchoraji Josef Albers alianza mfululizo wa picha za Homage to the Square mwaka 1950 na akaendelea nao hadi kufa kwake mwaka 1976; picha zilipita elfu moja. Umbo ni lile lile: miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine, iliyoshuka kidogo chini ya katikati. Rangi aliitoa kwenye tyubu na kuipaka kwa kisu, mara nyingi bila kuichanganya, juu ya ubao mgumu. Nyuma ya ubao aliandika majina ya rangi alizotumia na watengenezaji wake. Umbo likiwa limefungwa hivyo, kilichobaki kubadilika ni jinsi rangi moja inavyoathiriwa na jirani yake. Kitabu chake Interaction of Color cha mwaka 1963 kina mazoezi ya namna hiyo hiyo: rangi moja ya karatasi huwekwa juu ya mandhari mbili hadi ionekane kuwa rangi mbili. Asiyeamini achukue mkasi na karatasi ajaribu.

Albers hakujua picha inayofuata ingeonekanaje, na Collingwood asingekuwa na la kulalamikia. Alichofanya ni kuacha kumbukumbu inayomwezesha mwingine kufuata hatua zake na kumpinga.

Wapo wasanii wanaokwepa kuacha kumbukumbu kama hiyo kwa kujikinga kwa hoja ya mwanafalsafa wa sayansi Paul Feyerabend, aliyedai mwaka 1975 kwamba hata Galileo alivunja kanuni za mbinu ya kisayansi. Kinga hiyo ni dhaifu: Feyerabend aliweza kuonyesha uvunjaji huo kwa sababu Galileo aliacha maandishi. Msanii anayebadili njia katikati ya kazi hana kosa. Analodaiwa ni kuonyesha alipobadili, kwa sababu gani, na majaribio gani aliyatupa. Picha inaweza kuwa bora kabisa bila hayo yote, ila mtahini wa uzamivu atakuwa ameletewa picha tu.